Uliza karatasi kabla ya bei: Hesabu za anayekodi gari la kuvuka mpaka

NAMANGA – Gari lilikuwa safi. Toyota Vitz nyeupe, matairi mazuri, redio inafanya kazi, na bei yake shilingi 2,800 za Kenya kwa siku. Kwa mama huyo anayeuza vitunguu katika soko la Wakulima jijini Nairobi, linalojulikana zaidi kama Marikiti, hakukuwa na sababu ya kutafuta lingine. Alilipa siku nne, akaacha amana, akaondoka alfajiri akiwa peke yake, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameegesha katika kituo cha pamoja cha mpaka cha Namanga.

Safari iliishia hapo.

Yeye mwenyewe hakuwa na tatizo. Pasipoti yake ilikuwa hai na leseni yake pia. Tatizo lilikuwa gari. Nakala ya kadi ya gari, ambayo Wakenya huiita logibuku, ilionyesha majina mawili: la mtu asiyemfahamu, na la benki iliyomkopesha mtu huyo pesa za kulinunulia. Mama hakuwa na barua ya mwenye gari. Hakuwa na barua ya benki. Bima iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa ya Kenya peke yake. Alimpigia simu kijana aliyemkabidhi funguo, naye akamjibu kwamba yeye ni wakala tu, mwenye gari hapatikani, na kwamba angejua safari ni ya Tanzania angemwambia mapema.

Saa saba mchana aligeuza gari kurudi Nairobi. Siku iliyofuata dalali wake kule Mang'ola alipakia lori bila yeye kuuona mzigo. Neti za juu zilikuwa na vitunguu vyekundu, vikavu, vya kuvutia. Za chini zilikuwa na vitunguu vilivyong'olewa mapema, shingo bado mbichi, na baadhi vilianza kuoza kabla lori halijafika sokoni.

Hasara ya lori lile ndiyo iliyokuwa bei halisi ya Vitz ya shilingi 2,800.

Kwa nini asipande basi?

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaovuka mipaka ya ukanda huu husafiri kwa basi, au hukaa mbele na dereva wa lori lililobeba mzigo wao. Kwa anayekwenda Arusha mjini kununua na kurudi, basi linatosha, na hakuna haja ya kuendelea kusoma makala haya.

Lakini kitunguu hakinunuliwi kituo cha basi. Mang'ola iko katika bonde la Ziwa Eyasi, kilomita 50 na ushee kutoka mji wa Karatu, na Karatu yenyewe iko kama kilomita 140 magharibi mwa Arusha. Ni eneo la kilimo cha umwagiliaji ambalo vitunguu vyake vinajulikana hadi Nairobi. Mashamba yametawanyika, bei hutofautiana kati ya mkulima na mkulima, na anayefika na usafiri wake anaweza kuona mashamba manne kwa siku moja, akabonyeza shingo za vitunguu kwa kidole chake mwenyewe. Asiye na usafiri huona shamba ambalo dalali amechagua kumwonyesha.

Ndiyo maana gari la kukodi, ambalo kwa wengine ni la harusi na likizo, limekuwa chombo cha kazi kwa baadhi ya wafanyabiashara hawa. Anayesafiri peke yake hana wa kugawana naye gharama, kwa hiyo kila shilingi ya kodi, mafuta na adhabu inatoka kwenye faida ya mzigo mmoja.

Mtu anavuka, gari linasubiri

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Kituo cha Namanga kilifunguliwa rasmi Desemba 2018 na marais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta na John Magufuli, ili msafiri ahudumiwe na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande anaoingia. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakiingia katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Anayeingia Tanzania huhitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kwa mtu na kwa mzigo wake, mambo yamerahisika kuliko zamani, hata kama kila anayesoma gazeti hili ana kisa chake cha kusimulia.

Gari ni habari nyingine. Machoni mwa forodha, gari ni bidhaa yenye kodi kubwa, inayoingia nchini bila kulipiwa kodi hiyo kwa ahadi kwamba itatoka. Hupewa kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho. Gari linaloendeshwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye kadi ndilo hasa ambalo maafisa hulitazama mara mbili, kwa sababu magari yaliyoibwa nayo huvushwa hivyo hivyo. Afisa anayemwuliza mkodi maswali mengi si lazima awe anatafuta chai.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkodishaji si bei. Ni jina gani limeandikwa kwenye kadi ya gari. Likiwa jina la kampuni inayokodisha, kazi imekuwa nyepesi: barua moja yenye nembo na muhuri wa kampuni, ikitaja namba ya gari, jina la dereva na namba ya pasipoti yake, nchi anazoruhusiwa kuingia, na tarehe ya kutoka na kurudi. Likiwa jina la mtu binafsi, barua lazima itoke kwa mtu huyo, iambatane na nakala ya kitambulisho chake, na ni busara ipitie kwa wakili. Likiwepo jina la benki, benki nayo ni mwenye gari mpaka mkopo uishe, na idhini yake inatakiwa. Barua ya benki haitoki asubuhi moja.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Magari mengi yanayokodishwa mijini bila dereva si ya kampuni, hata kama kibao cha ofisi kinasema hivyo. Ni ya watu binafsi wanaolipa mikopo, wameyakabidhi kwa wakala ili yajilipe. Hakuna ubaya katika biashara hiyo, na kwa safari ya ndani ya nchi inafaa kabisa. Lakini wakala ambaye hawezi kuleta barua ndani ya siku mbili hana gari la kuvuka mpaka, aseme atakavyosema.

Kuna na jambo ambalo halisemwi ofisini. Wamiliki wengi hufunga kifaa cha kufuatilia gari, na baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kuzima injini kwa amri ya simu. Mwenye gari akiona kwenye simu yake kwamba gari lake limevuka mpaka bila ruhusa, hatampigia mkodi kumwuliza habari za safari. Mtu aliye peke yake, gari limezimwa barabarani kati ya Namanga na Longido, ana siku ndefu.

Kadi mbili za njano

Karatasi nyingine inayosahaulika ni bima ya kuvuka mpaka, inayojulikana kama kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huu wa bima, kwa hiyo kadi inayotolewa Nairobi, Kampala au Kigali inatambulika Arusha na Mwanza pia. Huombwa kwa kampuni iliyokatia gari bima, na hutaja nchi ambazo gari linaruhusiwa kuingia. Mkodi asome majina ya nchi hizo mwenyewe. Kadi iliyoandikwa Uganda haimsaidii aliyesimama Namanga.

Isichanganywe na kadi nyingine ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo dawati la afya linaweza kuiomba. Kwenye foleni ya mpakani zipo siku ambazo mtu anaulizwa kadi ya njano, anatoa moja kwa fahari, kumbe inatakiwa ile nyingine.

Kubwa zaidi ni kujua kadi ya njano inalipa nini. Inalipa madhara kwa watu wengine na mali zao, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Hailipi gari lenyewe. Mkodi akigonga ng'ombe Longido na boneti ikakunjika, kadi ya njano haigusi boneti hiyo. Gari hulipwa na bima kubwa, na bima kubwa nyingi zimeandikwa kwa nchi moja tu. Kupanua mipaka yake ni ombi la pekee na huongeza gharama. Mkodishaji anayesema gari lina bima kamili aulizwe inaishia wapi: Namanga au ng'ambo yake?

Hata inapovuka, bima kubwa huacha sehemu ya kwanza ya hasara mabegani mwa mkodi. Wakenya huiita eksesi. Kiasi hicho kimo kwenye mkataba, mara nyingi ukurasa wa nyuma, na vioo na matairi kwa kawaida hayamo kabisa kwenye bima. Kwa mwenye mtaji mdogo, huenda gari lenye kodi ya juu kidogo na eksesi ndogo likawa nafuu kuliko lenye kodi ndogo na eksesi inayoweza kumeza mtaji wa msimu.

Na kuna mtego mbaya kuliko huo. Gari la mtu binafsi linaweza kuwa limekatiwa bima ya matumizi binafsi, si ya kukodishwa. Ajali ikitokea na kampuni ya bima ikagundua kwamba dereva alikuwa amelilipia, ina sababu ya kukataa dai lote. Cheti cha bima hutaja aina ya matumizi. Kukisoma ni kazi ya dakika moja, na kinaweza kupigwa picha kabla pesa haijatumwa.

Lita kwa lita

Karatasi zikishapatikana, ndipo mtu achague gari. Safari ya Nairobi hadi Mang'ola kupitia Namanga, Arusha na Karatu ni chini kidogo ya kilomita 500 kwenda. Kurudi na mizunguko ya kuona mashamba, iwekwe kilomita 1,000 ili hesabu isidanganye.

Gari dogo kama Vitz yenye injini ya cc 1,000, likiendeshwa kwa utulivu, linaweza kupewa kilomita 16 kwa lita: lita 63 kwa safari nzima. Probox ya cc 1,500, ambayo wafanyabiashara wengi wanaijua kwa ubishi wake, ipewe kilomita 13: lita 77. Noah ya cc 2,000 kwa kilomita 9 itakunywa lita 111. Prado, kwa kilomita 7, lita 143. Hizi ni hesabu za tahadhari, maana gari la kukodi limepitia mikono mingi, na kiyoyozi na mwendo wa kasi hula sehemu yake. Lakini tofauti ya lita 80 kati ya Vitz na Prado si hesabu ya kubuni, na mtu mmoja hahitaji viti saba.

Bei za mafuta hazina siri. Kenya hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, Tanzania Jumatano ya kwanza ya mwezi. Anayejua kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo ataona mwenyewe kama ajaze tangi Kajiado au avuke kwanza.

Kinachosahaulika ni kikomo cha kilomita. Mama wa Marikiti, baada ya kurudishwa, aliusoma tena mkataba wa ile Vitz na kukuta kwamba shilingi 2,800 zilikuwa za kilomita 150 kwa siku, na kila kilomita ya ziada shilingi 20. Kwa siku nne angepewa kilomita 600. Zilizobaki 400 zingemgharimu shilingi 8,000, karibu kodi ya siku tatu nyingine. Jumla yake ingekuwa shilingi 19,200. Probox aliyokodi baadaye ilikuwa shilingi 3,500 kwa siku bila kikomo cha kilomita: shilingi 14,000 kwa siku nne. Hata ukiongeza kadi ya njano na ada ya barua, gari la bei ya juu ndilo lililokuwa la bei ya chini.

Amana nayo ihesabiwe kama gharama, ingawa inarudi. Kwa mtalii ni pesa iliyokaa tu. Kwa mfanyabiashara ni neti za vitunguu ambazo hazikununuliwa. Amana ya shilingi 15,000 inayorudishwa baada ya wiki mbili imekosa mizunguko miwili ya soko. Iandikwe kwenye mkataba itarudi lini na kwa njia gani, na ni mambo yapi yanayoweza kuikata.

Kilomita 110 za vumbi

Swali linalowachanganya wengi ni kama wakodi gari la juu kwa sababu ya barabara mbaya mwisho wa safari. Kutoka Nairobi hadi Karatu ni lami. Kushuka bonde la Eyasi ni suala jingine: kwa miaka mingi imekuwa njia ya udongo na changarawe, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, Machi hadi Mei. Anayekwenda aulize hali yake wiki hiyo hiyo, kwa dereva wa lori na si kwa dalali.

Kilomita 110 za kwenda na kurudi kati ya 1,000 hazitoshi kuwa sababu ya kulipia Prado siku nne. Ni nafuu kuacha gari dogo kwenye gesti yenye uzio pale Karatu na kukodi gari la wenyeji kwa siku moja ya mashambani, pamoja na dereva anayejua korongo lipi limejaa maji. Mikataba mingi humbebesha mkodi uharibifu wote unaotokea nje ya lami. Jiwe moja chini ya injini linaweza kuwa ghali kuliko siku mbili za kukodi Land Cruiser ya kijijini.

Upo pia ushauri ambao wakodishaji wa Nairobi hawataufurahia: kwa safari fupi, huenda usivushe gari kabisa. Basi dogo hadi Namanga, kuvuka kwa miguu, basi dogo jingine hadi Arusha, na gari la kukodi lenye namba za Tanzania kuanzia hapo. Hakuna kibali cha muda, hakuna kadi ya njano, hakuna barua ya benki. Kinachopotea ni saa chache na uhuru wa kuondoka alfajiri. Kwa anayekwenda mara moja kwa mwaka, hii ndiyo njia. Gari la kuvuka nalo linaanza kulipa kwa mwenye vituo vingi pande zote mbili, kama anayepitia Kajiado kudai madeni na Arusha kuangalia bei za soko la Kilombero katika safari ileile.

Wanaoelekea Kigali, Bujumbura au Goma wana sababu nyingine ya kufikiria mara mbili. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Kuvuka Gatuna au Rusumo na gari lenye usukani wa kulia kunawezekana na watu hufanya hivyo kila siku. Shida huja wakati wa kulipita lori kwenye milima ya Rwanda. Dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara, haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka, na hana mtu kiti cha pili wa kumwambia njia ni nyeupe. Aliye peke yake avumilie nyuma ya lori. Akumbuke pia kwamba saa za Kigali ziko nyuma kwa saa moja, jambo dogo mpaka siku ya kurudisha gari inayolipiwa kwa saa.

Mzigo usipande

Wapo watakaouliza: gari limeshakodiwa, kwa nini lisirudi na neti kumi kwenye viti vya nyuma? Jibu ni kwamba mkataba karibu wote hukataza kubeba bidhaa za kuuza, na bima ya gari dogo haikuandikwa kwa ajili ya mzigo. Ajali ikitokea, vitunguu vilivyotapakaa barabarani vitatoa ushahidi kabla dereva hajafungua mdomo.

Mzigo uje kwa lori, kwa njia yake. Shehena ya mazao isiyozidi dola 2,000 za Marekani inaweza kuvuka kwa utaratibu rahisi wa biashara ndogo, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ikiwa zao limo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti cha afya ya mimea bado kinatakiwa. Gari la kukodi libebe mwenye mali, daftari lake na mzani mdogo wa mkono. Hata kifuko cha sampuli kitajwe dirishani.

Kabla ya kuondoka kwenye ua

Siku ya pili, wiki tatu baada ya ile ya kurudishwa, mama wa Marikiti alifika kuchukua Probox akiwa na bahasha na simu yenye chaji. Alizunguka gari akirekodi video: kila kona, kila mkwaruzo, paa, vioo, kipimo cha mafuta, namba ya kilomita, huku mkodishaji akisikika pembeni akikubali kwamba alama ile ya mlango wa nyuma ni ya zamani. Alivuta tairi la akiba akalibonyeza. Alitafuta jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto, vitu ambavyo trafiki wa Tanzania huviulizia na ambavyo vikikosekana anayelipa ni dereva na si mwenye gari.

Kwenye ubavu wa kila tairi alitafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kiwanda. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3521 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na likawa limezeeka, hasa la akiba, ambalo hukaa miaka bila kuguswa. Moja kati ya matano lilimtia shaka, akataka libadilishwe. Lilibadilishwa, kwa kunung'unika.

Ndugu yake aliyebaki Nairobi alitumiwa picha za mkataba, namba ya gari na mahali pa kulala kila usiku. Hakupanga kufika Karatu siku moja. Alilala Arusha, kwa kuwa dereva aliye peke yake hana wa kumpokea usukani akichoka, na giza katika barabara zenye ng'ombe na pikipiki zisizo na taa halina huruma. Hakupakia mtu njiani, hata walioonekana wema.

Namanga alikaa chini ya saa moja. Afisa alitaka barua, kadi ya gari, kadi ya njano na pasipoti, akazilinganisha namba, akamwuliza atarudi lini. Mama alikuwa ameshauriwa aombe siku mbili zaidi ya alizopanga, maana kibali kikiisha kabla gari halijatoka kuna adhabu, na gari linaweza kuharibika. Akaomba siku sita kwa safari ya siku nne. Akapewa.

Vijijini kati ya mpaka na Arusha alishusha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa kila alipoona kibao, kwa sababu trafiki wenye vipima mwendo huwa wapo, na kosa moja ni shilingi 30,000 za Tanzania. Pamoja na uangalifu huo alikamatwa mara moja, Makuyuni, akiwa na 58. Alipewa namba ya malipo, akalipa, akahifadhi stakabadhi pamoja na karatasi nyingine za gari, asije kudaiwa siku ya kurudisha.

Mang'ola aliona mashamba matano. Mawili aliyakataa pale pale, likiwemo lile ambalo dalali alikuwa amempendekezea kwa simu. Alisimama kando ya lori mpaka neti ya mwisho ikafungwa, kisha akaanza kurudi.

Probox ilirudishwa Nairobi siku ya nne jioni, tangi likiwa limejaa kama alivyolipokea. Amana ya shilingi 15,000 iliingia kwenye simu yake siku ya tano, ikiwa imekatwa shilingi 500 za kuosha gari. Video ilionyesha wazi kwamba alilipokea likiwa na vumbi lile lile, lakini lori lilikuwa linashusha Marikiti na hakuwa na muda wa kubishana.